Kama unatoka Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, na una ndege ya nje, soma hapa kabla hujalipa

Ndugu zangu wa Lamu na Malindi, mie nasafiri sana kwa biashara ya nguo, Nairobi karibu kila mwezi na Dubai mara tatu nne kwa mwaka, na kila nikikaa na watu naulizwa ndege gani rahisi. Mie huwa nasema nauli baadaye, kwanza niambie unashukia uwanja gani Nairobi. Safarilink yatua Wilson, ule uwanja mdogo, Jambojet yatua JKIA, yaani Jomo Kenyatta, uwanja mkubwa wa ndege za nje, na watu wengi wanaona tu bei kwenye simu wanalipa kwa M-Pesa wanafurahi, kumbe ndege yao ya nje iko JKIA na wao wanashushwa Wilson kule Lang'ata Road, sasa hapo chukua teksi, kaa kwenye foleni na begi lako na moyo juu. Ile nafuu uliyoipata kwenye tiketi yote imeishia kwa dereva.

Hili la pili limeniuma mwenyewe. Mwaka juzi wakati wa kusi nilikata tiketi mbili mbalimbali, moja Manda mpaka Nairobi, nyingine Nairobi mpaka Dubai usiku huohuo, nikahesabu nina saa tano katikati nikaona ni nyingi. Asubuhi nikavuka na boti nikafika Manda mapema, nguo zimerowa chumvi kwa mawimbi, nikakaa pale kwenye benchi. Wakasema nusu saa. Kisha saa moja. Kisha wakanyamaza kabisa, mpaka alasiri ndo tukaiona ndege inazunguka juu ya mikoko. Nimefika kaunta ya JKIA nakimbia, binti wa watu akaniangalia kwa huruma akanambia, "Mama, tumeshafunga." Ndege yenyewe bado ipo chini! Lakini kaunta ikifungwa imefungwa, kawaida saa moja kabla ya kuruka, hata ulie.

Na msiba haukuishia hapo. Nilidhani nikate tiketi ya kwenda tu, ya kurudi si ninayo? Hapana wallahi, ukikosa kipande cha kwanza wanafuta na vilivyobaki, tiketi nzima yafa. Shirika la kwanza likasema wao kazi yao ilikuwa kunifikisha Nairobi na wamenifikisha, la pili likasema mimi ndiye sikutokea. Nikalipa upya.

Kwa hiyo kabla ya kulipa muulize wakala, safari yote yawezekana kuandikwa kwenye tiketi moja? Ikiwa moja, ndege ya kwanza ikichelewa ni juu yao kukutafutia nyingine. Ikiwa mbili basi ni juu yako, na hapo nakusihi nenda Nairobi siku moja kabla ukalale kwa jamaa, usitegemee saa tano wala saa saba.

Nauli zenyewe, kata mapema tu, wiki tatu nne. Hizi ndege zetu ni ndogo, viti vya bei ya chini ni vichache vyaisha haraka, na Disemba, Pasaka, Maulidi na likizo za shule ukisubiri wiki ya mwisho utalia. Ila soma kilo! Ile nauli ya chini kabisa ya Jambojet ni begi la mkononi tu, kilo 7, na mtu wa Lamu gani anasafiri na kilo 7 wakati mama ameshakufungia halua na samaki wa kukausha wa shangazi Eastleigh? Lipia begi mtandaoni kabla, uwanjani ni ghali zaidi.

Watu wa Malindi nyinyi mna bahati ambayo hamuioni. Ikiwa waenda Dubai au Istanbul si lazima upande mpaka Nairobi, shuka Mombasa, flydubai wapo pale, Turkish wapo, Ethiopian nao wakupitisha Addis Ababa. Ni barabara ya kilomita 120 hivi tu, ila toka mapema maana foleni ya Mtwapa haina huruma.

Launji, vile vyumba vya kupumzikia uwanjani, mnaniuliza sana. Kama safari yako ni ya saa moja kwenda Nairobi achana nayo, Manda upepo wa bahari watosha. Lakini ukiwa na usiku mzima JKIA, zile za Kenya Airways kule jengo la abiria la 1A, Pride na Simba, zafaa kwa mwenye bizinesi klasi au kadi ya ngazi ya juu ya wasafiri wao wa mara kwa mara, wapata kuoga na kula na kunyoosha mgongo. Kwa saa mbili usilipe, beba mkate wako wa mofa.

Mie mwezi ujao naenda tena. Jumapili nalala Nairobi kwa binamu yangu, ndege ni Jumatatu jioni, na begi nshalipia.