Mwanangu, kabla hujazuia kodi

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema dari ya bafu inavuja mwezi wa tatu sasa, msimamizi wa jengo hapokei simu zako, na unaniuliza kama uzuie kodi mpaka watengeneze. Nitakujibu. Ila niambie kwanza, hayo malalamiko umeyapeleka kwa njia gani? Kwa simu? Kwa kumsimamisha ngazini akiwa na haraka zake? Kama ndivyo, basi mbele yao bado hujalalamika. Andika. Wewe na dada yako mmelisikia neno hilo kwangu mpaka mmelichoka, na bado nalisema.

Ile nyumba yetu ya ghorofa ya tatu hujaisahau, hata kama ulikuwa mdogo. Mlilala chumba kimoja na dada yako, na kile kikohozi chake cha usiku ulikisikia wewe kabla yangu. Doa lilianzia karibu na kitanda chake, dogo tu, la rangi ya chai. Likapanuka, likawa jeusi. Baba yako akaenda kwa msimamizi. Tukaambiwa tufungue madirisha, tukafungua. Tukaambiwa tusianike nguo ndani, na wala hatukuwa tunaanika. Mwisho akatumwa kijana na kopo la rangi, akapaka juu ya kuvu bila hata kuikwangua. Ukuta ukapendeza. Hazikupita wiki nyingi, weusi ule ule ukatokeza. Rangi haikaushi ukuta, mwanangu. Kama maji yanaingia kutoka nyuma ya plasta, utapaka mpaka uchoke.

Aliyetutoa pale si fundi, ni yule mama wa ghorofa ya nne, mama wa daftari. Kila kilichoharibika katika jengo alikiandika na tarehe yake: lifti imekwama lini, taa ya ngazi imeungua lini, pampu imezimika lini. Alishuka jioni moja, akautazama ukuta, akaniuliza swali ambalo hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kutuuliza: "Unalowa saa ngapi?" Akanieleza. Maji yakichuruzika usiku na mchana, hata watu wakiwa wamelala, shaka liende kwenye bomba la maji safi, kwa sababu lile lina msukumo wakati wote. Yakija baada ya mtu wa juu kuoga, angalia bomba la maji machafu au maungio ya vigae. Yakifuata mvua, tatizo ni paa au ukuta wa nje. Tukaanza kuangalia, mimi na yeye, na yeye anaandika. Kumbe maji yalikuwa yanatoka ghorofa ya tano! Yalishuka kando ya bomba, yakampita yeye, yakapata ufa kwetu. Maji hutembea juu ya zege na kando ya mabomba kabla ya kujionyesha, na doa huweza kutokea mbali kabisa na palipopasuka. Nakumbuka furaha ya jioni ile kama vile mtu amenipa zawadi.

Akaandika barua, ukurasa mmoja. Ina tarehe, ina saa, ina vyumba vilivyoathirika, na chini saini za nyumba nne. Tukaipeleka nakala mbili, moja wakaipokea, nyingine wakatugongea muhuri tukarudi nayo. Wiki ile ile fundi akaja na kuvunja vigae vya ghorofa ya tano.

Sasa sikia linaloniuma. Tulipohama, walikata amana yetu, ile fedha tuliyoiweka kwao tulipoingia, kwa "uharibifu wa ukuta wa chumba cha watoto". Ukuta ule ule! Baba yako akapeleka nakala yenye muhuri. Msimamizi alikuwa mpya, akasema mafaili ya zamani aliondoka nayo mwenzake. Baada ya kwenda na kurudi tukapewa sehemu, na iliyobaki hatukuiona mpaka leo. Utaniambia, basi kuandika kulisaidia nini? Kulisaidia, kwa sababu hata hiyo sehemu ilirudi kwa nguvu ya karatasi ile tu. Lakini baba yako husema tungezuia kodi ya mwezi wa mwisho, tungekuwa na fedha yetu mkononi. Nimebishana naye miaka yote hiyo, na kuna siku namwona ana haki. Msimamizi akiwa wakala wa mwenye nyumba, mara nyingi hulipwa asilimia ya kodi anayokusanya. Dari yako haimpunguzii kitu, kodi ikikosekana ndipo anashtuka. Hilo ni kweli, siwezi kulikana.

Halafu nawaza upande wa pili, nakosa usingizi. Sheria za kodi ya nyumba hazifanani kila mahali. Kuna nchi mpangaji anaruhusiwa kuzuia, lakini kwa utaratibu: ametoa taarifa kwa maandishi, amewapa muda, na pengine fedha ameiweka mahakamani badala ya kukaa nayo mfukoni. Kwingine, ukikosa kulipa hata kama una haki ya matengenezo, umempa mwenye nyumba sababu ya kukutoa, na dari haitatajwa tena, litatajwa deni lako tu.

Kwa hiyo kabla ya kodi, wagongee majirani. Wa juu yako umeongea naye? Na wa chini yako, je, kwake hakujalowa? Huyo wa chini kabisa ndiye mara nyingi mwenye malalamiko mazito, maana bomba kuu la maji machafu likiziba chini, uchafu wa wote hutokea kwake. Barua ya mtu mmoja huwekwa kando. Ya nyumba nne ilituletea fundi.

Na jambo hili usilisubirishe hata leo: kama maji yanapita karibu na taa ya bafuni, zima umeme wa chumba hicho kwenye kikatio cha umeme (breka), usiiguse swichi kwa mkono uliolowa. Kilicholowa kikaushe mapema, kuvu haihitaji zaidi ya saa 24 hadi 48 kuanza kuota.

Kuhusu kuzuia kodi, jibu ninalo, limenikaa mdomoni tangu nilipoanza kuandika, na baba yako hapa ananiambia nikwambie. Silisemi. Anayelala chini ya dari hiyo ni wewe, na mkataba wako sijausoma. Nitumie kipengele cha matengenezo na kile cha kuchelewesha kodi, pamoja na picha za dari zenye tarehe. Nikishasoma nitakupigia, na hapo sidhani kama nitaweza kunyamaza.

Mama yako