Nguvu za kiume na kisukari: tusimfiche daktari

Wiki iliyopita niliandikiwa ujumbe na kijana mmoja wa Chake Chake mwenye kisukari, akinieleza kwamba tangu Ramadhani hawezi kutimiza haki ya unyumba, kwamba mkewe ameanza kutaja kurudi kwao, na kwamba mama yake anaamini amerogwa. Aliomba nimtajie dawa. Nimemjibu faraghani, lakini jambo hili ni la wengi, nami ni mmoja wao.

Hali hiyo ilinifika miaka kadhaa baada ya kuanza vidonge vya kisukari. Wa kwanza kumweleza alikuwa shemegi yangu, niliyemwamini kuliko ndugu wote, na haukupita muda siri yangu ikawa mazungumzo ya barazani. Jioni moja, kahawa ikimiminwa, mzee mmoja alisema mbele ya vijana kwamba mimi nipewe kashata tupu, kwani kahawa ni ya wanaume. Watu walicheka. Kauli ile inaniuma hadi leo, na nataka wanaocheka vibarazani wajue kwamba ndio wanaowasukuma wenzao kwa wauzaji wa vumbi la Kongo, ule unga unaouzwa kama dawa ya nguvu za kiume.

Mke wangu, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, ndiye aliyesema twende hospitali pamoja. Daktari alifunga mlango, akanisikiliza, kisha akaniambia nivue viatu. Nilistaajabu. Alinitaka nifumbe macho, akawa anagusa nyayo zangu kwa uzi mwembamba wa nailoni na kuniuliza kila mara kama nahisi, na kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto sikuhisi kitu. Hapo ndipo aliponieleza kwamba sukari inayokaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu na mishipa ya damu mwilini kote, na kwamba uume hausimami mpaka mishipa ya fahamu ipeleke amri na mishipa ya damu itanuke ijae damu. Wanaume wenye kisukari hupatwa na tatizo hili takriban mara 3 zaidi ya wasio nacho, na huwaanza miaka 10 hadi 15 mapema zaidi. Uchawi uko wapi hapo?

Alipima pia shinikizo la damu, mafuta, homoni ya testosteroni na wastani wa sukari ya miezi 3, ambao wengi wetu hutakiwa tuuweke chini ya asilimia 7, akakagua na dawa zangu nyingine, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha nazo hupunguza nguvu. Leo sukari yangu imetulia, sigara nimeacha, kila alfajiri baada ya sala natembea, na nyumba yangu imesimama. Sikurudi kuwa kijana wa miaka 20, lakini mimi na mke wangu tunaridhiana, na nalisema hilo kwa fahari.

Ndugu zangu, vidonge vya kusaidia vipo. Sildenafili inatumika tangu mwaka 1998 na huwafaa wengi wetu, lakini iandikwe na daktari, kwa sababu ikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti, zikiwemo zile zinazowekwa chini ya ulimi, presha huweza kushuka ghafla na mtu akafa. Mamlaka za dawa katika nchi kadhaa zimekuta sildenafili imechanganywa kwa siri ndani ya bidhaa zinazouzwa kama miti shamba, kwa hiyo anayelamba unga asioujua hajui anachokilamba. Supu ya pweza ni chakula kizuri, tuinywe, lakini haitibu mshipa wa fahamu ulioharibika. Dini yetu imetuamrisha kujitibu, nasi tunaona haya mbele ya mtu aliyesomea kututibu!

Mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, ndiyo maana udhaifu huu huweza kutangulia maradhi ya moyo kwa miaka kadhaa, na mwanamume anayeuficha huficha pia onyo la moyo wake. Nawaomba na wahudumu wa kliniki zetu za kisukari, Unguja na Pemba, kwamba wanapotupima uzito, presha na miguu, watuulize na hili, mlango ukiwa umefungwa, maana wengi wetu tutajibu tukiulizwa.