Simu mfukoni, mwendo wa pole

Kilimanjaro Marathon hukimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo ikifika Desemba hapa Dar utaona sura mpya kibao Coco Beach na kwenye Daraja la Tanzanite. Wamejiandikisha kilomita 21, wamenunua raba, wamepakua Strava au Nike Run Club, programu za simu za kurekodi mbio. Leo wanakimbia kilomita tano. Kesho tano tena, kwa kasi kidogo. Keshokutwa tano zilezile, kwa kasi zaidi, maana simu imewaambia jana walivunja rekodi yao na marafiki wamewapongeza. Januari ikianza, wengi wanachechemea, bandeji magotini, na ukiwauliza wanakujibu, "Ni uchovu tu, utaisha."

Mimi ni mpenzi wa programu hizi na sitoki nyumbani bila kurekodi. Ila naona wengi wanazitumia kinyume. Zinanadiwa kama kitu cha kukusukuma, ilhali kwetu sisi tusio na kocha, faida yake kubwa ni kutuzuia. Kocha wa kweli sehemu kubwa ya kazi yake ni kukwambia leo pumzika, au leo nenda pole. Simu haioni mguu wako ukiyumba, lakini inakumbuka ulichofanya wiki tatu zilizopita, na wewe hukumbuki.

Kumbukumbu hiyo ina kazi kwa sababu mwili hauzoei mbio wote kwa pamoja. Moyo na mapafu hujirekebisha mapema. Baada ya wiki chache tu pumzi haikati tena. Mifupa na kano huchukua miezi. Hapo katikati ndipo watu wanapoumia: unajisikia vizuri, unaongeza kilomita, kumbe muundi na kisigino bado viko nyuma. Ndiyo maana anayeanza huumia zaidi pale anapoanza kufurahia mbio kuliko siku ile ya kwanza anahema kama anakata roho.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachokiangalia kwenye programu kabla ya mbio ndefu ni safari yangu ndefu kuliko zote katika siku 30 zilizopita. Mwaka 2025 jarida la British Journal of Sports Medicine lilichapisha utafiti uliofuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000, na matokeo yake yamebadilisha namna ninavyopanga. Tumezoea kuambiwa usiongeze zaidi ya asilimia 10 kwa wiki. Utafiti ule ulionyesha kuwa hatari inapanda pale mbio za siku moja zinapozidi kwa zaidi ya asilimia 10 zile ndefu kabisa ulizokimbia ndani ya siku 30. Kama mbio zako ndefu kabisa mwezi huu ni kilomita 10, Jumamosi ijayo kimbia 11, basi. Rafiki akikuita mkapige 16 kwa kuwa mbio zimekaribia, mwambie utaungana naye kwenye supu.

Sasa kubadilisha mazoezi. Kosa kubwa linaloonekana kwenye kumbukumbu za wengi ni kwamba siku zote zinafanana: njia ileile, umbali uleule, kasi ya katikati ambayo si pole na si mbio. Misuli ileile inapigwa mahali palepale kila siku. Wiki yangu ina siku moja ya kasi, siku moja ndefu, siku moja ya mlima mbio za Moshi zikikaribia, na zilizobaki ni pole. Nikisema pole ninamaanisha unaweza kumsimulia mwenzako kisa kizima bila kukatika pumzi. Wageni wanaokwenda kufanya mazoezi Iten na Kaptagat kule Kenya hurudi na habari moja: asubuhi ya mbio nyepesi kundi huondoka taratibu mno, hata mgeni anaweza kulifuata mwanzoni. Hao ni watu wa mazingira ya Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2:01:09. Wewe na mimi tunaona aibu kwenda pole kwa sababu ya nani?

Siku za pole ninazima sauti ya programu kabisa. Ile sauti inayokusomea kasi kila kilomita ni adui, hasa Januari na Februari joto la Dar linapokuwa limejaa unyevu. Mwendo uliokuwa mwepesi mwezi wa Julai unakuwa mzito, mapigo ya moyo yanapanda, na ukiisikiliza simu utajilazimisha ufikie kasi ya Julai. Acha irekodi kimyakimya, utaangalia ukifika nyumbani.

Siku ya kasi ndipo sauti inapostahili. Iten wana fatileki yao ya Alhamisi, yaani mbio za kubadilisha kasi: kundi kubwa kwenye barabara ya vumbi, dakika moja haraka na dakika moja taratibu, au mbili kwa moja. Mimi nafanya ya kwangu Barabara ya Toure, saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla magari hayajajaa. Napasha mwili dakika kumi na tano kwa mwendo wa kujikokota, kisha naanza. Simu ikiita, naongeza hatua. Ikiita tena, naachia. Uzuri wa kupimiwa dakika badala ya umbali ni kwamba hakuna cha kukimbizana nacho: dakika itaisha tu, uwe umechoka au hujachoka. Nike Run Club ina mbio za kuongozwa na sauti za aina hii bila malipo, ingawa zinaongozwa kwa Kiingereza. Asiyetaka anaweza kutumia programu yoyote ya kuhesabu vipindi. Spika ya sikio iwe moja tu. Bodaboda wanaopita upande usio wao alfajiri ile hawakupigii honi.

Mlima kwa Dar ni shida, lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuitwa Mlimani bure. Njia ya kilomita 21 ya Moshi hupanda kuelekea Mweka halafu hurudi chini, na watu huogopa kule kupanda tu. Kuteremka ndiko kunakochana mapaja, kwa sababu misuli inafanya kazi ya kuzuia uzito huku inavutika. Kwa hiyo pale Mlimani sishuki kwa kutembea kila mara. Mizunguko michache nashuka nikikimbia, hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo.

Kuna jambo ambalo ramani ya programu itakuonyesha ukiitazama vizuri: unakimbia upande mmoja wa barabara siku zote. Lami huinama kuelekea mtaroni ili maji yatiririke, na ufukwe huinama kuelekea baharini. Mguu mmoja unatua chini zaidi kuliko mwingine, maelfu ya hatua, na nyonga na goti ndivyo vinavyolipa. Kwa Coco Beach dawa ni rahisi: ukienda na kurudi kwenye mchanga uleule, mguu wa chini nao unabadilika. Barabarani, tafuta njia tambarare au badilisha mzunguko wako siku nyingine, ukiangalia magari.

Sehemu ninayoithamini kuliko ramani na kasi ni ile ya maelezo binafsi, ambayo Strava huionyesha kwako tu. Kila nikimaliza naandika mstari mmoja: "goti la kulia, kwenye mteremko, likaacha." "Kisigino kigumu asubuhi, kikalainika." Mstari mmoja hauna maana. Ukisoma ya mwezi mzima, unaona kisigino kinalalamika kila inapofuata siku ya kasi, na hapo unajua cha kupunguza kabla hujaenda kwa daktari. Maumivu yanayolainika ukipata joto ni ya kuyafuatilia. Maumivu ya mfupa, unayoweza kuyagusa kwa ncha ya kidole kimoja, yanayoongezeka kadiri unavyokimbia au yanayokuamsha usiku, hayo ni ya hospitali. Usikimbie nayo hata mita mia.

Programu nyingi hazikukumbushi kuimarisha misuli, basi mimi nayarekodi mazoezi hayo kama mazoezi mengine ili nisijidanganye kwamba nimeyafanya. Hayana gharama: simama ukingoni mwa ngazi kwa vidole, panda, kisha shusha visigino taratibu chini ya usawa wa ngazi. Ukizoea, fanya kwa mguu mmoja.

Mambo madogo ya simu yenyewe. GPS haihitaji bando. Bando ni la ramani na la kupakia ukimaliza. Simu nyingi za Android huzima programu ili kutunza chaji, ndiyo maana ramani yako wakati mwingine inachora mstari ulionyooka juu ya mapaa ya watu. Nenda kwenye mipangilio ya betri uiruhusu ifanye kazi bila kizuizi. Na ficha mwanzo na mwisho wa njia yako, hasa dada zangu mnaokimbia peke yenu: si lazima kila mtu ajue geti lenu.

La mwisho ni raba. Strava inakuruhusu kusajili viatu na kuvihesabia kilomita, na wengi hushauri kuvipumzisha kati ya kilomita 500 na 800. Kwa raba za mtumba za soko la Karume hesabu hiyo haianzi sifuri, kwa sababu hujui aliyezivaa Ulaya alizikimbiza wapi. Zikunje kwa mikono kabla ya kulipa, bonyeza soli kwa kidole gumba uone kama inarudi, halafu weka kikumbusho kilomita 300. Kikilia, zitabaki kuwa raba nzuri za kwendea sokoni.