Mkuu wa shule, muite mwalimu kabla hujabandika ratiba

Mwaka wangu wa nne kazini nilifika shuleni asubuhi moja ya Julai nikakuta wenzangu wamejaa mbele ya ubao wa matangazo. Ratiba mpya. Hisabati ya kidato cha nne, watoto niliowafundisha tangu wakiwa kidato cha pili, kapewa mwenzangu. Mimi nimerudishwa kidato cha kwanza. Mtihani wa taifa ulikuwa Novemba. Hakuna aliyeniita kuniambia sababu.

Sikugoma. Niliwahi kusaini daftari la mahudhurio, niliandika andalio la somo, niliingia vipindi vyote. Ila yale masomo ya jioni niliyokuwa nafundisha kwa hiari yangu niliyaacha, na kwenye madaftari nikawa natia vema bila kuandika mtoto kakosea wapi. Wakuu wengi hapo ndipo hawaoni. Mwalimu aliyevunjika moyo hatoroki kazini. Anabaki, anatoa kile tu kinachokaguliwa, na kinachokaguliwa ni kidogo mno. Mwenzangu naye aliumia, maana alipokea darasa bila kujua nani kakwama kwenye trigonometria na nani anahitaji kusogezwa mbele.

Mkuu aliyefuata alikuja kikaoni na karatasi ya ruzuku ya uendeshaji. Akatusomea kiasi kilichoingia, akauliza: tuchapishe mitihani ya majaribio au tununue kemikali za maabara? Tulibishana karibu saa nzima. Mimi nilitaka mitihani, zikanunuliwa kemikali. Nilitoka pale sina kinyongo, kwa sababu nilisikia hoja ya mwalimu wa kemia kwa masikio yangu.

Leo nami ni mkuu wa shule. Si kila jambo ni la kikao: mtoto akipigwa kupita kiasi, naamua siku hiyo hiyo. Lakini vipindi, zamu na fedha siamui peke yangu, na ninayembadilishia darasa namuita ofisini kwanza, tunakaa, namweleza.

Muhula huu nilipanga mazoezi ya baiolojia yawe mchana. Mwalimu wa somo akaniambia, "Mkuu, saa sita ikipita bomba la maabara halitoi maji." Miaka miwili nipo pale, sikuwa najua. Nikachukua kalamu, nikayarudisha asubuhi akiwa bado amesimama mbele yangu.