Jina lile lile, hadithi mpya

SWALI: Kwa nini filamu za watu wazima za miaka ya 1970 zilipewa sehemu ya pili na ya tatu, ilhali visa vyake vilikuwa vyepesi?

JIBU: Ndugu msomaji, kilichouzwa upya ni jina na sura zilizokwisha kuzoeleka. Filamu ya Kifaransa ya "Emmanuelle" ya mwaka 1974, ambayo bango lake lilimwonyesha mwigizaji wake mkuu, Sylvia Kristel, ameketi kwenye kiti cha henzerani, ilifuatwa na nyingine mwaka 1975 na 1977. Waongozaji walibadilika kila mara, na mandhari yakahama kutoka Bangkok hadi Hong Kong, kisha Shelisheli, lakini Kristel alibaki, naye, kwa maoni yangu, ndiye aliyeubeba mfululizo huo.