Chupa ya “bakteria wa bahari” na dripu za mama

Dada, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama mama asimamishe dripu zake za dawa za saratani hospitali ya Bugando anywe ile chupa ya “bakteria wa bahari” inayouzwa soko la Mwaloni kama tiba ya saratani. Asisimamishe.

Habari yenyewe ina punje ya ukweli. Kwenye matope ya chini ya bahari huko Bahamas alipatikana bakteria aitwaye Salinispora tropica. Kemikali yake, salinosporamaidi A, huziba mtambo wa seli unaosaga protini zilizochakaa, na kwenye maabara iliua seli za saratani vizuri sana. Lakini ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa glioblastoma, saratani ya ubongo, haikuwarefushia maisha. Na hao waliipata kwa mshipa, kwa kipimo, si kwa vijiko.

Shangazi yangu alikunywa chupa kama hiyo kwa siri. Macho yakawa manjano kama binzari, dalili ya ini kusumbuka, dripu ikaahirishwa wiki tatu.

Ipeleke chupa kwa daktari wake, hata kama mama ameshaionja, hatawagombeza. Muuzaji akidai ni utafiti, mwombe kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Mgonjwa wa majaribio husaini fomu, hauziwi chupa sokoni.

Mama akipata homa katika kipindi hiki cha matibabu ya dripu, hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.