Mlo mmoja kwa mbwa chotara mkubwa?

Umeuliza kama chotara wako wa kilo 40 anaweza kula mara moja tu kwa siku, maadamu bakuli analimaliza. Mimi ningemgawia mara mbili, hata tatu. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu huweza kujaa gesi tumboni hadi tumbo likajipinda, na uchotara haumkingi. Ukiona tumbo limekaza kama ngoma, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, udenda unamtiririka, hatulii, usingoje kukuche: mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Kama anafakamia, mtandazie chakula kwenye sinia pana aokote kidogokidogo. Na mbio ziache kwanza chakula kishuke, hata akikuletea mpira mdomoni (atakuletea tu).